Nani anakula jasho la mchezaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fedha na siasa za soka la dunia na michezo ya vyuo vya Marekani

Maswali haya yanatoka vijiweni, kwenye daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, kwenye vibanda umiza, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wenye watoto wanaocheza. Mengine yana hasira ndani yake, mengine yana matumaini ya mzazi. Nimeyajibu kadiri ninavyoyafahamu mambo yenyewe, na penye msimamo nimeusema. Msimamo mkubwa niuweke mezani mapema: kipaji peke yake hakimlipi mtu, na uwanja kujaa hakumlipi mtu. Mchezaji hulipwa pale ambapo yeye na wenzake wamesimama pamoja wakadai, na pale ambapo jina lake limo kwenye karatasi.

FIFA na vyuo vya Marekani vinahusiana nini? Mbona mnavichanganya?

Kwa sababu vimejengwa kwa namna inayofanana. FIFA, shirikisho la soka la dunia, ilianzishwa Paris mwaka 1904, na kisheria ni chama kisichogawana faida, chini ya sheria za Uswisi. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kilianza mwaka 1906, nacho kimesajiliwa kama taasisi isiyogawana faida. Vyote viwili vinaingiza mabilioni ya dola. Vyote viwili havina mshindani wa kweli: ukitaka Kombe la Dunia utapita FIFA, na ukitaka ubingwa mkubwa wa vyuo Marekani utapita NCAA. Na vyote viwili kwa miaka mingi vimetumia maneno mazuri, “familia ya soka” huku na “mwanafunzi-mwanamichezo” kule, kuwanyamazisha wale wanaoleta watu uwanjani.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Vijana wa Dar wamepita kote kuwili. Mbwana Samatta wa soka alipita njia ya klabu, Hasheem Thabeet wa kikapu akapita njia ya chuo. Nitawarudia.

Tanzania ina kura moja tu FIFA. Kura moja ina thamani gani?

Ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hapa nitakaa kidogo.

FIFA ina vyama wanachama 211, na kila kimoja kina kura moja kwenye Mkutano Mkuu. Brazil kura moja, San Marino kura moja, Tanzania kura moja. Afrika tuko 54, yaani zaidi ya robo ya kura zote. Anayetaka urais wa FIFA hawezi kutuzunguka.

Nguvu hiyo hatukupewa bure. Kwa Kombe la Dunia la 1966, lenye timu 16, Afrika, Asia na Oceania tuliwekwa pamoja kugombea nafasi moja. Moja! Nchi za Afrika, zikiongozwa na Ghana ya Kwame Nkrumah, zikagoma kushiriki hatua za kufuzu. Wapo walioona ni utoto. Lakini kufikia 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake kamili, na Morocco ikaitumia. Mwaka 1982 zikawa mbili, 1998 zikawa tano, na kwa 2026 zimekuwa tisa pamoja na nafasi ya kugombea kwenye mchujo wa mabara. Ndiyo maana Cape Verde, nchi yenye watu wachache kuliko Wilaya ya Temeke, imefuzu. Mgomo wa miaka ya sitini ndio uliofungua mlango huo.

Mwaka 1974 João Havelange wa Brazil alimwangusha Mwingereza Stanley Rous kwenye urais. Rous alikuwa ameilea Afrika Kusini ya makaburu ndani ya soka, na Waafrika hawakumsamehe. Havelange alizunguka Afrika na Asia akiahidi nafasi zaidi na msaada wa maendeleo. Akashinda, akakaa hadi 1998. Tangu hapo kila rais wa FIFA amejua hesabu hiyo. Sepp Blatter aliijua. Gianni Infantino, aliyechaguliwa Februari 2016 baada ya kashfa iliyoanza kwa viongozi kukamatwa hotelini Zurich Mei 2015, naye aliingia na ahadi mbili: timu nyingi zaidi kwenye Kombe la Dunia, na fedha nyingi zaidi kwa kila chama. Machi 2023, Kigali, alirudi madarakani bila mpinzani.

Shida yangu iko hapa. Kura inayomfanya mkubwa atusikilize ndiyo hiyo hiyo inayonunulika kwa miradi. Desemba 2024 uenyeji wa Kombe la Dunia la 2030 na ule wa 2034 wa Saudi Arabia ulipitishwa kwa pamoja, kwa makofi, wajumbe wakiwa kwenye video. Vyama vingi vilipiga makofi bila wanachama wao nyumbani kujua ni kwa nini. Mtu wa Tandale hakumchagua mjumbe wa TFF, shirikisho la soka Tanzania, anayekwenda kupiga kura hiyo, wala hasomewi ripoti mjumbe akirudi.

Fedha za FIFA zinatoka wapi na zinaishia wapi?

Karibu zote zinatoka kwenye Kombe la Dunia la wanaume: haki za televisheni, wadhamini, tiketi, leseni. Katika miaka minne iliyoishia na Qatar 2022, FIFA iliingiza takriban dola bilioni 7.5. Zawadi za timu kule Qatar zilikuwa dola milioni 440. Argentina ikachukua milioni 42, na timu iliyotoka hatua ya makundi ikaondoka na milioni 9.

Sehemu nyingine inarudi kwa vyama kupitia mpango wa FIFA Forward. Kwa 2023 hadi 2026 kila chama kinaweza kupata hadi dola milioni 8. Kwetu fedha za aina hiyo zimeonekana: vituo vya ufundi vya TFF vya Kigamboni na Tanga vimejengwa kupitia mpango huo. Ukipita Kigamboni utaviona mwenyewe, na nasema hivyo kwa furaha. Ninachotaka ni kwamba hesabu za matumizi ya kila mwaka zisomeke na mtu wa kawaida kwa Kiswahili, kwenye simu yake.

Kwa nini serikali ikigusa chama cha soka, FIFA inaifungia nchi nzima?

Kanuni za FIFA zinataka vyama viendeshwe bila kuingiliwa na mtu wa nje. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa FKF, shirikisho la soka la nchi hiyo, kwa madai ya ubadhirifu. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na Zimbabwe pia kwa sababu kama hiyo. Harambee Stars, timu yao ya taifa, wakaondolewa kwenye kufuzu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2023, na mabao, jasho na umri wa wachezaji wale vikapotea hivyo hivyo. Adhabu ya Kenya iliondolewa Novemba 2022.

Kanuni ina mantiki. Bila hiyo, kila waziri mpya angekuja na mwenyekiti wake. Lakini pia imekuwa ngao nzuri kwa kiongozi mbadhirifu: ukimgusa anapiga simu Zurich, na anayeumia ni winga wa miaka 24 ambaye hajawahi kuiona hata risiti moja ya chama.

Mbona basi Tanzania serikali iko kila mahali kwenye mpira na hatufungiwi?

Kwa sababu kuna kuingilia na kuna kuunga mkono, na mstari kati yao ni mwembamba. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lipo kwa sheria ya mwaka 1967 na linasajili vyama na vilabu vyote. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000 na uliofunguliwa mwaka 2007 kwa ujenzi wa Wachina, ni mali ya serikali. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika; mtaani tukaiita Goli la Mama. Juni mwaka huo, alipowaalika Yanga Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho, aliutaka uongozi umalize mvutano wa mkataba na mchezaji wao Feisal Salum, yaani Fei Toto. Siku chache baadaye Fei Toto alikuwa mchezaji wa Azam.

Wengi tulishangilia, mimi nikiwemo, kwa sababu kijana alikuwa amekwama. Ila tujiulize: mchezaji wa timu ya Ligi ya Mkoa mwenye mgogoro kama ule atamwona nani? Hana Ikulu ya kumwita. Anahitaji kamati ya TFF inayotoa uamuzi kwa wakati, na chama cha wachezaji chenye meno. Hivyo viwili vikifanya kazi, Rais hatalazimika kusuluhisha mikataba ya mpira.

Na siasa za mpira wetu ni za kale kuliko TFF yenyewe. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilikuwa mahali ambapo Waafrika wa mji huu walijiongoza wenyewe, wakachagua viongozi na kushika fedha zao, wakati ukoloni haukuwaruhusu kufanya hivyo karibu kwingine kokote. Ukisikia mzee wa Kariakoo anaizungumzia klabu kana kwamba ni chama cha ukombozi, usimcheke.

Na Zanzibar?

Machi 2017, mkutano wa CAF pale Addis Ababa uliipa Zanzibar uanachama kamili, wa 55. Julai ukafutwa. Rais mpya wa CAF wakati huo, Ahmad Ahmad, alisema CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Vilabu vya Zanzibar vinaendelea kucheza mashindano ya CAF, na timu yao ya taifa inacheza CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, ambako ilichukua kombe mwaka 1995. Ila Kombe la Dunia na AFCON hawagusi wakiwa peke yao. Wanaokumbusha kwamba Scotland na Wales zina viti vyao FIFA wana hoja ya haki. Jibu la FIFA ni la kihistoria zaidi kuliko la haki.

Nani hasa anamiliki timu za ligi yetu?

Tazama timu zilizocheza ligi miaka ya karibuni kwa jicho la mwenye mali. Tanzania Prisons ni ya Magereza. JKT Tanzania na Mashujaa ni za jeshi. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni. Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zinatokana na viwanda vya sukari. Azam ni ya kampuni. Simba na Yanga ni za wanachama, zikiwa kwenye safari ndefu ya kuingiza wawekezaji: mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya Simba kwa shilingi bilioni 20, na serikali ikashikilia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51.

Kwa hiyo timu nyingi zinaishi kwa bajeti ya taasisi ambayo kazi yake ni nyingine kabisa. Mkuu wa taasisi akipenda mpira, timu inang’ara. Akihamishwa, mishahara inachelewa. Kwenye timu za majeshi angalau mchezaji anaweza kupata ajira ya kudumu, na nimeona vijana wakikataa dau kubwa la klabu binafsi ili wapate ajira ya jeshi. Ni uamuzi wa akili kwa mtu ambaye goti lake moja ndilo mtaji wake wote.

Azam TV ilileta nini?

Ilileta uhakika. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Kabla ya hapo klabu ya mkoani ilitegemea viingilio na huruma ya wafadhili. Mkataba huo ndio uliowafanya wachezaji wazuri kutoka Burkina Faso, Zambia na Kongo waone ligi yetu ni mahali pa kuja kufanya kazi. Upande wa pili ni kwamba miaka 10 ni mirefu, na kampuni inayorusha ligi inatoka kundi moja na klabu inayocheza ndani ya ligi hiyo. Sisemi kuna ubaya uliofanyika. Nasema ligi inayojiheshimu huweka kanuni za wazi mapema.

Samatta alipouzwa Ulaya, timu zake za mwanzo zilipata kitu?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo fedha halali zinapotuponyoka.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihamishwa kimataifa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 unabeba asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 unabeba asilimia 0.5. Piga hesabu: kijana akiuzwa kwa euro milioni 10, klabu iliyomlea mwaka mmoja tu akiwa na miaka 13 inastahili euro 25,000. Akiwa na miaka 17, ni euro 50,000 kwa mwaka. Na haiishii kwenye mauzo ya kwanza. Kila akiuzwa tena, mgao unarudi. Zaidi ya huo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na tena anapohama nje ya nchi kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Samatta, kijana wa Mbagala, alipita African Lyon, kisha Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk 2016, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Machi 1 mwaka huo alifunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kila hatua ya njia hiyo ni mstari kwenye kinachoitwa pasipoti ya mchezaji, orodha ya wapi alisajiliwa tangu utotoni. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapita kwenye chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, na chombo hicho kinasoma mfumo wa usajili. Hakimsikilizi kocha anayesema “huyu nimemlea mimi.”

Sasa tembea viwanja vya mchangani, Kinyerezi, Yombo, Kigogo. Kocha analea watoto arobaini kwa nauli yake, ananunua mipira kwa michango, na hakuna hata mmoja aliyesajiliwa TFF. Mtoto akifika Ulaya, kocha yule atabaki na picha ukutani. Kama una timu ya vijana, sajili klabu, sajili watoto kila msimu, tunza nakala za fomu na vyeti vya kuzaliwa. Umri wa kudanganya nao unaua mgao huu, kwa sababu miaka ya malezi inahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa.

Tuhamie Marekani. Chuo kikuu kina uwanja wa watu laki moja wa kazi gani?

Kwa historia yao. Timu za vyuo zilipata mashabiki kabla ligi za kulipwa hazijaota mizizi, na miji mingi midogo haina timu nyingine ya kuishangilia. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua zaidi ya watu 107,000, karibu mara mbili ya Mkapa. Mchezo unaoujaza ni ule mpira wao wa kofia ngumu. Huo pamoja na mpira wa kikapu wa wanaume ndiyo inayoleta fedha. Soka, riadha, kuogelea na mingine mingi inaishi kwa fedha hizo.

Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliinyang’anya NCAA udhibiti wa matangazo ya televisheni ya mchezo huo, vyuo vikawa huru kuuza vyenyewe. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Matokeo yake ya karibuni: tangu 2024 UCLA ya Los Angeles iko kundi moja na Rutgers ya New Jersey, bahari hadi bahari, kwa sababu televisheni inalipa hivyo. Mwanafunzi wa voliboli anavuka bara zima katikati ya wiki ya mitihani. NCAA yenyewe imebaki na mashindano yake ya kikapu ya Machi, ambayo mkataba wake ulioongezwa mwaka 2016 hadi 2032 ulikuwa wa dola bilioni 8.8.

Ni kweli wachezaji hao walikuwa hawalipwi chochote?

Walipewa ada ya masomo, chumba na chakula. Fedha taslimu zilikuwa marufuku. Ukiuza jezi yako, unafungiwa.

Mchukue Thabeet. Amezaliwa Dar, akasoma Makongo, akaenda Marekani na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2. Misimu mitatu alizuia mipira, akajaza ukumbi, akaifikisha timu hatua ya nne bora mwaka 2009. Kocha wake, Jim Calhoun, alikuwa analipwa dola milioni 1.6 kwa mwaka na ndiye mtumishi wa umma aliyelipwa zaidi katika jimbo zima, jambo lililozua mabishano makali Februari mwaka huo huo. Mshahara wa Thabeet kwa mabao na vizuizi vyote ulikuwa sifuri. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye usajili wa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na ndipo alipoanza kulipwa. Wenzake kwenye timu ambao hawakuchaguliwa na mtu hawakupata siku hiyo kamwe.

Kilichobadilisha mambo ni kesi. Ed O’Bannon, mchezaji wa zamani wa UCLA, aliona sura yake kwenye mchezo wa video ambao hakulipwa hata senti, akashtaki. Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu waliikatalia NCAA kubana marupurupu ya masomo ya wachezaji. Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Na Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyopewa jina la mwogeleaji aliyeshtaki: dola bilioni 2.8 kama fidia ya miaka ya nyuma, na kila chuo kinachojiunga kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hakuna mkuu wa chuo aliyeamka asubuhi akaona huruma. Waliburuzwa mahakamani.

Wanawake wako wapi kwenye hesabu hizi?

Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana timu na ufadhili, na soka likawa chaguo jepesi. Hiyo ni sababu kubwa ya timu yao ya wanawake kuchukua Kombe la Dunia mara nne. Kwetu Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wanapambana bila ngazi kama hiyo chini yao. Hofu ya sasa ni kwamba mgao mpya wa House utakwenda karibu wote kwa wanaume wa kofia ngumu na kikapu, na wanawake wa huko wameanza kuupinga.

Binti yangu au mwanangu anacheza vizuri. Anawezaje kupata ufadhili wa chuo Marekani?

Inawezekana. Miaka ya sabini Suleiman Nyambui alikwenda Chuo cha Texas El Paso, akawa bingwa wa mbio za vyuo mara kadhaa, na akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Ghana, akademi ya Right to Dream imepeleka vijana wengi kwenye shule na vyuo vya huko. Lakini mambo haya yajue kabla hujauza kiwanja:

Masomo kwanza. Daraja la kwanza la NCAA linadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao. Mtoto aliyeacha Hisabati kidato cha pili ili afanye mazoezi ameshajifungia mlango.

Ufadhili wa soka mara nyingi si kamili. Zamani timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili 9.9 tu wa kugawana kikosi kizima. Sasa kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya House ukomo ni wa kikosi, wachezaji 28, na chuo kinaamua kitoe nini. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kuna pia vyuo vya NAIA, chama kingine kidogo cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili, ambako ushindani ni mdogo kidogo.

Usisaini mkataba wa kulipwa bila kufikiri. Kuchezea klabu kwa mshahara kunaweza kukuharibia sifa ya kucheza vyuoni.

Viza ya mwanafunzi inabana kazi za kulipwa nje ya chuo, kwa hiyo zile fedha za matangazo unazosikia zina masharti magumu kwa mgeni.

Na huyu anayekuja na kipeperushi, anadai milioni kadhaa za “kuhakikishia nafasi”: mkimbie. Kocha wa chuo anayemtaka mtoto wako atakuandikia kwa anwani ya chuo, ataomba video na matokeo ya mtihani, na hatakuomba pesa kwa simu. Kwa upande wa klabu za nje, kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mtoto chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Anayekuahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya kesho kutwa anavunja kanuni au anakuibia.

Kwa nini Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na vyuo vingine visifanye kama Marekani?

Sitamani tuige wote. Chuo chenye kocha anayelipwa kuliko maprofesa kumi ni chuo kilichopotea njia. Ila nusu ya kwanza ya mfumo wao, ya shule na michezo kwenda pamoja, tunaijua tayari. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zimewaibua wachezaji wengi wa timu za taifa. Pengo linaanza baada ya kidato cha nne, pale kijana anapolazimishwa kuchagua klabu au shule. Prisons na JKT wanampa ajira. Chuo kingeweza kumpa stashahada ya ualimu, uhasibu au tiba ya viungo huku akicheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Hilo halihitaji uwanja wa laki moja. Linahitaji ratiba ya mitihani inayojali ratiba ya ligi, na makubaliano ya maandishi kati ya chuo na klabu.

AFCON 2027 inakuja kwetu. Tutafaidikaje?

Tanzania, Kenya na Uganda ni wenyeji pamoja, na Agosti 2025 tulipata jaribio zuri kwa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Mkapa ikijaa kwa mechi za Taifa Stars. Arusha uwanja mpya unajengwa. Faida kwa mama lishe na bodaboda itategemea jambo dogo ambalo hujadiliwa kwa kuchelewa: eneo la kuzunguka uwanja siku ya mechi linawekwa chini ya masharti ya wadhamini, na muuza maji asiye na kibali anafukuzwa. Wafanyabiashara wa Temeke na Keko wanatakiwa kuulizia vibali hivyo manispaa sasa hivi, kwa kikundi kilichosajiliwa, na wapate jibu la maandishi.

Mimi ni shabiki wa mzunguko tu. Kwenye mkutano mkuu wa klabu yangu niulize nini?

Kama kadi yako ya uanachama iko hai, una haki ya kusimama. Omba hesabu zilizokaguliwa za msimu uliopita. Uliza mapato ya televisheni, wadhamini na viingilio kila kimoja kilikuwa shilingi ngapi. Uliza wachezaji wangapi wanaidai klabu, na kama kuna kesi FIFA. Uliza klabu imesajili watoto wangapi wa chini ya miaka 15 kwenye mfumo wa TFF, na nani anafuatilia mgao wa wachezaji walioondoka. Mwenyekiti akijibu kwa nyimbo za kumtania mtani wa jadi, mwombe arudi kwenye swali.